Nguo iliyozunguka kisiwa, na binti asiye na jina

Bibi yangu mzaa baba akitaka kumaliza ubishi pale nyumbani ana sentensi moja tu, "sisi Washirazi", na hapo mjadala umefungwa, hata kama mlikuwa mnabishania nani kaacha mlango wazi. Nimekua naisikia hiyo sentensi mpaka ikawa kama mlio wa feni, upo tu lakini huusikilizi. Siku moja niko sekondari nikafungua atlasi nikaitafuta Shiraz, nikaikuta Iran, ndo Uajemi wenyewe, tena sio pwani, iko juu huko milimani mbali na bahari, nikabaki najiuliza sa watu wa milimani ujuzi wa kupanda jahazi waliupata wapi mpaka wakatua kwetu. Nikamuuliza Bibi, akaniangalia akasema "we mume wangu, kwa maswali haya ndo maana huna mchumba". Basi nikanyamaza, miaka ikapita.

Hii ishu imenirudia kwa sababu mwaka juzi nilifika Kilwa Kisiwani. Unapanda mashua pale Kilwa Masoko, maji yenyewe ya kuvuka ni machache, ukizubaa kwenye simu umeshafika. Ukishuka cha kwanza kukutana nacho ni gereza, ile ngome iliyo karibu na maji, alafu unaingia ndani mpaka msikiti mkuu, una nguzo na vikuba vidogo vidogo juu, vingine vimedondoka unaona mbingu. Mzee aliyetutembeza ni mtu wa pale pale, kofia na makubazi, anaongea taratibu, sisi tunapiga picha yeye anasubiri. Tulipofika sehemu karibu na ufukwe akanyoosha fimbo yake akasema "nguo ilianzia hapa", kama vile jana alikuwepo kashika ncha.

Kwa asiyeijua stori, iko hivi. Kwenye nakala ya Kiarabu ya tarikhi ya Kilwa, yaani maandishi ya zamani ya historia ya mji, kuna sultani wa Shiraz kaota ndoto, kaona panya mwenye pua ya chuma anatoboa ukuta wa mji, akaamka akajua hapa pataharibika, akachukua watoto wake 6, wakapakia majahazi 7, kila jahazi likatua mahali pake, la nne Mombasa, la tano Pemba, la sita ndo Kilwa. Wareno nao wana ya kwao, yupo João de Barros aliyechapisha mwaka 1552, yeye hana panya, ila anasema huyo Ali aliyekuja Kilwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ndugu zake wenye mama Muajemi wakawa wanamdharau, akaona isiwe tabu, akatafuta pake. Shika hapo kwenye mama, nitarudi.

Ali bin al-Hasan anafika anakuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme asiye Mwislamu. Anataka kununua. Mfalme anamwambia sawa, bei ni nguo ya kuzungushia kisiwa kizima. Nguo ikaletwa, ikatandazwa, mfalme akaichukua akahamia bara. Ila hakuwa mjinga, maana siku hizo maji yakitoka watu walikuwa wanavuka kwa mguu, akapanga arudi usiku na watu wake amalize biashara kwa mkuki. Hapa matoleo yanatofautiana, moja linasema Ali aliwahi akachimbua mkondo ukawa na kina, lingine wanasema walikesha wanasoma Qur'ani na kutoa sadaka mpaka bahari ikajaa isitoke tena. Mzee wetu yeye alikuwa upande wa Qur'ani, nikaona nisibishane.

Kwenye hiyo stori nzima mi kilichonikaa kichwani ni nguo. Ukitaka kutunga bei kubwa ya uongo si unasema dhahabu? Kilwa ilikuwa inakula dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini huko Msumbiji, dhahabu ilikuwepo. Lakini wao wamesema nguo, na nguo ndo ilikuwa hela ya kweli ya pwani hii. Kwenye uchimbaji wa Kilwa vimetoka vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, kazi yake kusokotea pamba, yaani walikuwa wanasokota wenyewe pale pale. Na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 stori aliyoibeba kuhusu sultani al-Hasan bin Sulaiman ni ya nguo tena, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani anatoka msikitini akamuomba nguo alizovaa mwilini, sultani akarudi ndani akabadilisha akampa zile zile. Alipokufa, ndugu yake Daud akashika kiti, waombaji wakija anawajibu mtoaji ameshakufa na hakubakisha cha kutoa. Hicho kipande nakipenda kuliko majumba yote, sababu hakuna mtu anayetunga kitu kama hicho, hiyo ni familia.

Sasa wachimbaji. Mtu aliyefukua Kilwa kwa ukubwa ni Neville Chittick, miaka ya 1960, kitabu chake kikatoka 1974. Alifukua msikiti mkuu, akafukua Husuni Kubwa, lile kasri lililo juu ya mwamba upande wa mashariki, vyumba zaidi ya 100, lina bwawa la kuogea lenye pembe 8, na maandishi yenye jina la huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman. Kwa hiyo huyu Hasan ana ushahidi wa kutosha, ana nyumba, ana sarafu, ana mgeni aliyemuandika. Sarafu zake ukiishika moja ni kishaba kidogo kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja jina lake, upande wa pili sifa ya Mungu, na pande mbili zina vina, ukisoma ni kama beti. Yaani watu walikuwa wanatembea na ushairi mfukoni. Moja imekutwa mpaka Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe kule Zimbabwe. Nyingine 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na zimefikaje huko kila mtu ana hadithi yake, kwa hiyo nazo zimeshageuka ngano.

Shida ilikuwa Ali wa kwanza, yule wa nguo. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zipo, nyingi tu, lakini hazina mwaka. Chittick kwa kuangalia matabaka yake ya udongo alimuweka kwenye mwaka 1200 hivi, tena akasema hao Washirazi huenda hawakutoka Uajemi moja kwa moja, walishuka kutoka pwani ya Banadir, Somalia. Watu wakaipokea hivyo. Alafu mwaka 1984 kule Pemba, Mtambwe Mkuu, ikachimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, vipande vidogo vya fedha, humo ndani yumo Ali bin al-Hasan, na amechanganyika na dinari za dhahabu za Kifatimi, wale watawala wa Misri, ambazo zenyewe zina tarehe, ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Maana yake ni rahisi, ni ngumu mtu kuzikwa shimo moja na hela zinazoishia mwaka 1066 kama yeye anazaliwa miaka 100 baadaye. Sultani mzima kasogezwa nyuma zaidi ya karne kwa ajili ya akiba ya mtu fulani ambaye aliificha akashindwa kuirudia. Huwa namuwaza huyo mtu kuliko sultani.

Niseme kidogo kuhusu matabaka kwa sababu hapa mi mwenyewe nina dhambi. Nilishawahi kufanya kibarua kwenye uchimbaji mmoja huku pwani, wiki 3, nikiwa chuo, sijasomea hayo mambo, nilikuwa nahitaji hela. Kazi yangu chekeche. Wenzangu wako shimoni wamepiga magoti wanakwangua kwa mwiko, ule ule wa fundi muashi, na kweli mwiko ni mwiko, ukiutumia kwa pupa utaambiwa, udongo unapandishwa kwa ndoo unanijia mimi, nautikisa, vumbi linapita, juu vinabaki vitu. Siku ya kwanza unaona mawe tu. Siku ya nne hivi jicho linafunguka, unaanza kuona kigae hiki kina mng'ao wa kijani hicho cha mbali, kile chekundu chenye masizi ni chungu cha jikoni, huu ni mfupa wa samaki, hii ni shanga, ndogo kama punje ya ulezi, ya bluu. Kuna kigae kimoja kilikuwa na michoro ya pembetatu, mistari imechanjwa udongo ukiwa mbichi, na pembeni pale mtu aliposhika kuna alama ya ukucha. Nikaweka ukucha wangu. Ukaingia kidogo tu, kidole chenyewe kilikuwa chembamba, ningeapa ni cha mwanamke.

Kila kitu kinaingia mfuko wenye namba ya shimo na namba ya tabaka. Na mimi Ijumaa moja jua kali, nawaza kuondoka, mifuko miwili nikaibadilisha lebo, ya tabaka la 4 nikaiweka ya 6 na ya 6 nikaiweka ya 4. Bosi wa shimo alikuja kugundua Jumatatu maana kauri ya karne za juu ilikuwa imekaa chini ya vyungu vya zamani kuliko yenyewe. Hakupiga kelele. Alimwaga mifuko yote miwili mezani akaniambia "hivi sasa ni vigae tu". Afadhali angenitukana. Ndo nikaelewa kwamba kitu chenyewe hakina thamani kubwa, thamani iko kwenye pale kilipolala na kililala juu ya nini, ukishakitoa bila kuandika umeua shahidi.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Great Zimbabwe nikaumia mara mbili. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika pale, akakata kipande cha mti kwenye mlango, akakilinganisha na penseli yake, rangi na harufu zikafanana, penseli ni mwerezi, basi huu ni mwerezi wa Lebanoni, basi haya majengo ni ya Malkia wa Sheba. Penseli jamani! Mti wenyewe ni wa kienyeji. Ngano ya Sheba ikawa siasa, maana ilikuwa inawafaa walowezi waliotaka kuamini kwamba wenyeji hawakujenga kitu. Mwaka 1902 hadi 1904 akawekwa pale Richard Hall, yeye akawa anasafisha, anaondoa matabaka ya juu na kuyatupa sababu aliyaona ni uchafu wa Waafrika unaofunika kazi ya wageni. Mi nilibadilisha lebo mbili, yule alitupa kitabu chote. David Randall-MacIver alikuja 1905 akasema wazi hii ni kazi ya Waafrika na ni ya zama za kati, Gertrude Caton-Thompson akarudia 1929 kwa ushahidi zaidi, na bado kuna waliokataa kusikia kwa miongo.

Huku kwetu ngano ya Washirazi nayo ilibebwa vile vile. Ukiwa mtawala wa kikoloni unakuta magofu ya mawe, misikiti, makaburi yenye nguzo, alafu wenyeji wenyewe wanakwambia babu zetu walitoka Uajemi, unataka nini tena? Umeshajibiwa. Na wenyeji nao walikuwa na sababu zao za kusema, Ushirazi ulikuwa heshima, na baadaye ukawa mpaka jina la chama, si ndo ile Afro-Shirazi ya mwaka 1957. Kwa hiyo kizazi cha wasomi kilichofuata kikaitazama hiyo stori kwa jicho baya, wakasema hakuna Waajemi, ni watu waliotaka ukoo wa kifahari.

Na ardhi ilikuwa inawaunga mkono. Shanga, kisiwa cha Pate huko Kenya, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 ndani ya msikiti wa Ijumaa, akashuka, chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine mdogo, chini yake mwingine, mwisho kabisa hakuna jiwe, kuna matundu ya nguzo tu kwenye udongo, kijibanda cha miti na udongo, kinaelekea kibla kwa kubahatisha kidogo, karibu na mwaka 780. Huo ni Uislamu wa pwani yetu miaka zaidi ya 200 kabla ya Ali na nguo zake, ndani ya kijiji ambacho vyungu vyake karibu vyote ni vya udongo wa nyumbani. Na hivyo vyungu vya michoro ya pembetatu, kama kile cha ukucha, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wengine wamevifuatilia pwani na bara, ni watu wale wale, wafua chuma, wakulima, wavuvi, hawakushushwa na jahazi.

Cha kuchekesha ni kwamba tarikhi yenyewe haikuficha hilo. Ukiisoma vizuri, Ali anapofika Kilwa anamkuta Mwislamu na familia yake, wanamwita Muriri wa Bari, na msikiti upo. Sasa jina hilo litamke kwa sauti alafu uniambie ni la Shiraz. Watu tulisoma miaka yote hiyo tukaruka huo mstari kwa sababu tulikuwa tunakimbilia nguo.

(Shanga nayo ina ngano yake, kwamba kuna mabaharia wa Kichina meli yao ilivunjika wakaogelea wakakaribishwa baada ya kumuua chatu, na ukoo wao upo mpaka leo kule Pate, wengine wanasema jina Shanga ni Shanghai. Jina haliwezi kuwa, mji ulikuwepo miaka zaidi ya 600 kabla ya meli za Zheng He, yule nahodha mkuu wa China, kufika huku, na ulihamwa kwenye miaka hiyo hiyo ya 1400 mwanzoni meli zinapofika. Lakini sarafu za Yongle, mfalme wa China wa wakati huo, zimechimbwa kweli, moja Mambrui 2010, nyingine Manda 2013. Mi chatu nimembakiza, simfukuzi kabla sijapewa sababu.)

Tulikuwa tumefika hapo basi, ngano imeshindwa, ardhi imeshinda. Alafu mwezi wa 3 mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba, wamo kina Chapurukha Kusimba waliochimba Mtwapa na Manda kwa miaka mingi, pamoja na maabara ya David Reich kule Harvard. Watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, miji 6 ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, na sehemu moja ya ndani ya Kenya. Unatobolewa mfupa au jino, unga kidogo unachukuliwa, ndani yake kuna DNA. Nieleze kidogo hapa maana ndo penyewe. Kuna DNA moja mtoto anaipata kwa mama tu, baba hana mchango, na kuna nyingine ya kiume, kromosomu Y, mtoto wa kiume anaipata kwa baba tu. Kwa hiyo ukiwa na mfupa mmoja wa mwanaume unaweza kupanda ngazi mbili, ya mama wa mama wa mama, na ya baba wa baba wa baba.

Ngazi ya baba kwa wengi ikaishia Asia, na sehemu kubwa ni Uajemi. Uajemi! Nilisoma hiyo sentensi nikaweka simu chini, nikamuona Bibi kabisa kakunja mikono. Na kuchanganyika kwenyewe wamekadiria kulianza kama mwaka 1000, yaani jirani kabisa na zile sarafu za Ali zilizofukiwa Pemba. Ngano iliyofukuzwa darasani miaka yote imerudi na cheti.

Ila ngazi ya mama. Karibu wote, Afrika. Na ukipima jumla, wengi wao zaidi ya nusu ya damu yao ni ya Afrika, na imeingia kupitia wanawake. Hakukuwa na majahazi 7 ya familia za Kiajemi zimekuja na masufuria. Walikuja wanaume, wachache wachache, wafanyabiashara, wakaoa kwenye miji ambayo ilishakuwa na watu, na vyungu, na msikiti. Na watoto wakaongea lugha ya mama zao, ndo maana leo naandika hiki Kiswahili na sio Kiajemi, kilichobaki cha baba ni maneno, bandari, serikali, diwani, ona yalivyo, yote ya kazini.

Nikarudi kwenye stori upya, safari hii namtafuta mama. Kwa Barros yupo Mhabeshi, mjakazi, hana jina. Kwenye masimulizi ya Kilwa yenyewe, yale ya Kiswahili, mwenye kisiwa anaitwa Mrimba, na Ali anamuoa binti yake. Wanazaa mtoto wa kiume, anakua, anakwenda bara kumsalimia babu yake, na babu anamkabidhi ufalme. Angalia hapo, nguo imenunua kisiwa, lakini haki ya kutawala haikuja na nguo, imepita kwa binti wa Mrimba, kwa kwao, ami na babu wa kuumeni wako kimya. Majina tunayo, Mrimba, Ali, mpaka mtoto. Yeye ni "binti wa Mrimba", basi. Yaani stori nzima imesimama juu ya mtu ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza anaitwa nani. Mifupa ndo imekuja kumtaja baada ya miaka 1,000, nayo haina jina, ina herufi na namba za maabara.

Wapo waliokasirika na huo utafiti na nawaelewa, na mi nina langu. Waliopimwa wengi walizikwa pembeni ya misikiti, kwenye makaburi ya mawe, hao ni wenye nazo, ni sawa na kupima watu wa jukwaa kuu alafu useme umepima uwanja. Wavuvi na wakulima waliolala kwenye mchanga bila jiwe hawakuulizwa. Na kuna Waswahili wengi leo ambao wakipimwa hiyo Asia huioni au unaiona kwa mbali sana. Kwa hiyo mtu asichukue karatasi ya Nature akaenda kumbishia jirani.

Nilipofika kwa Bibi sikukuu iliyopita nikambebea hizo habari zote. Shikamoo, marahaba, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia Bibi ulikuwa sawa bwana, wameona Uajemi kwenye mifupa. Hakushtuka hata kidogo, akasema "sasa walikuwa wanatafuta nini". Nikamwambia ila ni kwa upande wa baba tu, mama zetu ni wa hapa hapa. Akanyamaza kidogo anachambua mchele, ungo kwenye mapaja, anaupepeta. Nikamwomba anitajie baba zake, akaenda kama anasoma khitma, wa kwanza mpaka wa tisa, hajakwama popote, wa tisa ndo kashuka kwenye jahazi kwa mujibu wake. Nikamwambia haya nitajie mama, mama yako, mama wa mama yako, twende hivyo.

Wa kwanza akamtaja. Wa pili akamtaja na akaniambia alikuwa mfupi, hodari wa kusuka ukili. Wa tatu akasema alikuwa anaitwa Bi Mdogo, jina lenyewe hajui. Wa nne akasimamisha ungo. Akafikiri. Akamwita dada yake mdogo aliyekuwa uani, naye akaja na mikono ya majivu, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja anasema huyo bibi alitokea ng'ambo ya mto, mwenzake anasema hapana, ng'ambo ya mto ni shangazi, wakaendelea mpaka mchele ukasahaulika na kuku akaja akaanza kudonoa ungoni, na mimi nimekaa pale na daftari nimeandika majina 2 na Bi Mdogo.